Idhini ya Bawabu

Katika ofisi moja ya Dar es Salaam, ambayo kwa kuihifadhi haya yake sitaitaja, tulikuwa na programu ya mishahara iliyoandikwa kwa Java, na mkuu wetu, mtu mwenye mahaba makubwa na idhini, akaamuru kwamba isitendeke methodi yoyote ya malipo ila baada ya kuulizwa nani aitakaye na kwa ruhusa ya nani. Kuliandika suala lile lile ndani ya kila methodi kungalikuwa adhabu. Ndipo kijana mmoja alipotukumbusha elimu ambayo Gregor Kiczales na wenzake wa Xerox PARC, huko California, waliitangaza mwaka 1997, kwamba mambo yenye kujirudia kila mahali yatengwe katika aspekti moja, nayo isimame nje ya methodi mithili ya bawabu mlangoni.

Ni elimu tukufu, wala siifanyii mzaha. Katika Spring, mfumo wa Java tulioutumia, bawabu huyo akilitamka neno "proceed", methodi hutendeka. Asipolitamka haitendeki kabisa, na aghalabu aliyeiita hurudi mikono mitupu pasi na kelele ya kosa lolote. Kijana wetu akaandika kila kitu kwa unadhifu, jina la mwombaji, saa na cheo, akalisahau neno hilo peke yake. Mwisho wa mwezi kumbukumbu za programu zikajaa "ruhusa imetolewa" kwa kila mtumishi, ilhali hapana aliyelipwa, na mhasibu, alipoonyeshwa, akauliza kwa upole kama ruhusa yaweza kusongwa ugali.

Neno likatiwa. Kumbe katika agizo la kumwambia bawabu alinde methodi zipi, pale palipostahili jina la methodi palikuwa na kinyota, na kinyota hakibagui: hata kusoma tarehe ya leo kukahitaji idhini ya mkuu, naye yuko safarini Dodoma.

Tukakiondoa, tukabakisha ulinzi kwa methodi zianzazo na "lipa" tu. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba proksi ya Spring, yaani ganda la nje anamosimama bawabu, huwasaili watokao nje, bali methodi za darasa moja zikiitana zenyewe kwa zenyewe hazimpitii bawabu. Na methodi ya kufunga mwezi, isiyoanza na "lipa", ilikuwa ikiingia kwa amani na kuyaita kutoka ndani malipo ya marupurupu ya mkuu, mwezi baada ya mwezi, bila ya idhini ya mtu. Nikamweleza mkuu kwa taadhima kwamba AspectJ, ambayo huifuma aspekti ndani ya msimbo wenyewe, ingaliwakamata hata hao wa ndani. Akafikiri kitambo, akasema shauri hilo ni zuri mno, litazamwe katika bajeti ya mwaka ujao.