Jinsi ya Kuwa Msumbufu Penye Rada

Ukiajiriwa kutengeneza rada, kupanda minara yenye antena au kuunganisha plastiki kwa mashine ya mawimbi ya redio, azimia tangu siku ya kwanza kuwa kero. Nakushauri hivyo kwa moyo mweupe.

Anza na swali linalowakera wakubwa wote: mtambo huu ulipimwa lini, na nani, na siku hiyo mlango wake ulikuwa wazi au umefungwa? Utaambiwa mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Ni kweli. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yakizidi huupasha mwili joto, na lenzi ya jicho, isiyo na damu ya kuipoza, huumia upesi. Lakini wewe hukuajiriwa kukaa na wimbi peke yake. Umeajiriwa kukaa na sanduku, na sandukuni mna mengine. Uliza hayo mengine.

Mafundi wa rada wa majeshi ya Ujerumani hawakuambiwa. Mitambo yao ya zamani ilikuwa na vali kubwa za umeme zilizoendeshwa kwa voltaji ya maelfu mengi, na elektroni zikigonga chuma kwa kasi hiyo huzaa eksirei. Fundi alifungua kifuniko, mtambo ukiwa unafanya kazi, akarekebisha huku kifua chake kikiuelekea. Baadhi ya vifaa vilikuwa na rangi ya kung'aa gizani iliyochanganywa na radiamu. Miaka mingi baadaye, wagonjwa wa saratani walipodai haki, walitakiwa kuonyesha vipimo ambavyo mwajiri mwenyewe hakuvipima! Tume ya wataalamu iliyotoa ripoti mwaka 2003 iliona kuwa kwa miaka ya mwanzo, hadi katikati ya miaka ya 1970, kiasi cha mionzi hakiwezi tena kukokotolewa kwa uhakika. Ikapendekeza mafundi wa kipindi hicho wenye saratani au mtoto wa jicho watambuliwe, isipokuwa kwa aina chache za ugonjwa. Naisifu tume hiyo: ilikataa kuufanya ukosefu wa vipimo kuwa kosa la mgonjwa.

Bosi akikwambia sayansi imeshamaliza habari, msumbue tena. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani huenda yanasababisha saratani. Hilo si tangazo la hatari iliyothibitishwa, wala si cheti cha usalama.

Msumbue vilevile mwenzako anayeapa kuwa kila aliyepita chini ya mnara atakufa. Mpe utafiti wa wanamaji wa Marekani wa wakati wa vita vya Korea: watu 40,581 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 40, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Saratani ya ubongo haikuzidi kwa waliofanya kazi karibu na rada. Kundi moja tu, mafundi wa elektroniki za ndege, lilionyesha ongezeko la aina fulani ya saratani ya damu. Wanamaji hao wote pia waligawanywa kwa vyeo vya kazi, kwa sababu hakuna aliyevaa kipimo. Wasiwasi wa mwenzako utulize. Swali la vipimo libaki palepale.

Sasa usumbufu wa kila siku. Usipite mbele ya antena hadi umeme uzimwe, na swichi ifungwe kwa kufuli lako, ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Wakikucheka kwamba unachelewesha kazi, waache wacheke mtambo ukiwa umezimwa. Kifuniko kisifunguliwe mtambo ukiwa hai bila mtu mwenye kipimo kuwepo. Nunua daftari. Andika jina la mtambo, namba yake, tarehe, saa ulizokaa nao na waliokuwepo. Nakala iweke nyumbani, wala usiikabidhi ofisini siku ya kustaafu, hata wakikuomba kwa keki na hotuba.