Namna ya Kutambua Toleo la Kwanza Bila Kusoma Hata Sura Moja

Kwanza nawa mikono. Pili, usisome. Riwaya inayowindwa na wakusanyaji ni ile iliyonunuliwa, ikawekwa kabatini na kusahaulika. Kila aliyeifungua kwa hamu aliishusha bei. Wewe ifungue nusu tu, mgongo usije ukavunjika, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa hakimiliki. Hadithi unayoitafuta iko hapo.

Utakuta safu ya tarakimu, 10 mpaka 1. Tafuta iliyo ndogo kuliko zote. Ikiwepo 1, umeshika chapa ya kwanza. Ukikuta inaishia 3, pole, waliokutangulia wamekwisha kula. Rahisi, sivyo? Basi ujue kwamba Random House ya Marekani kwa miaka mingi safu yao ilianzia 2, pamoja na maneno ya kutangaza toleo la kwanza. Kitabu kikichapwa tena, maneno yakaondolewa, 2 ikabaki. Scribner nao, kuanzia 1930, waliweka herufi A, na ndiyo utakayoitafuta kwenye The Old Man and the Sea ya 1952. Usiulize kwa nini. Mkusanyaji halisi haulizi, huitikia kwa kichwa na kusema, "Mmh."

Sasa tafuta makosa. Shuleni kosa la tahajia lilikukatia maksi, huku linakuongezea. Kwenye The Sun Also Rises ya 1926, ukurasa wa 181, neno "stopped" limepewa p tatu, na hiyo p ya ziada ina thamani kuliko sura nzima. Harry Potter and the Philosopher's Stone ya Bloomsbury, 1997, ilichapwa nakala 500 tu za jalada gumu. Ukurasa wa 53, kwenye orodha ya vifaa vya shule, fimbo ya uchawi imeandikwa mara mbili. Mhariri aliyepitiwa siku ile amewatajirisha watu: nakala moja iliuzwa mnadani Marekani, Desemba 2021, kwa dola 471,000. Nyingi kati ya zile 500 zilipelekwa maktaba, watoto wakazisoma hadi zikachakaa. Hasara tupu!

Halafu kuna ile karatasi inayofunika jalada, ambayo watu wenye akili timamu waliitupa. The Great Gatsby ya 1925 bila karatasi hiyo ni kitabu cha maelfu ya dola. Ikiwa nayo, nzuri, tunazungumzia mamia ya maelfu. Kwa nyuma, J ya jina la Jay Gatsby ilichapwa ndogo, ikabidi irekebishwe kwa mkono. Chungulia pia sehemu ya karatasi inayokunjwa kwa ndani: bei imeandikwa? Isipokuwepo, huenda umeshika nakala iliyotengenezewa wanachama wa klabu ya vitabu. Geuza, papasa jalada la nyuma chini, karibu na mgongo. Ukikuta kishimo kidogo kilichogandamizwa, irudishe taratibu na uondoke bila kuaga.

Usidanganyike na tarehe. Things Fall Apart ya mfululizo wa African Writers Series, ile iliyopita mikononi mwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, hukiri kwamba kitabu kilitoka mara ya kwanza 1958. Ni kweli, lakini hicho kilikuwa cha jalada gumu, Heinemann, London. Mfululizo wenyewe ulianza 1962. Chako chenye majibu ya mtihani pembeni kina thamani ya kumbukumbu.

Lakini kama nyumbani kwenu ipo Memory of Departure ya Abdulrazak Gurnah, Jonathan Cape, 1987, iliyonunuliwa zamani kabla ya Nobel ya 2021 na wageni hawajaanza kuiulizia, usiifunike kwa gazeti, usiandike jina lako ndani, na usimwazime mtu, hata shemeji. Ukitaka kuisoma, kanunue nyingine.