Vidole Viwili Vinatosha: Rifu Sita za Roki, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Rifu ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia mpaka jirani agonge ukuta. Masharti ya kuingia humu ni mawili: noti ziwe chache, na zisiwe za mtu mwingine. Wenye solo za dakika nane wakae pale kwenye benchi, chai inakuja.

6. "Come As You Are", Nirvana (1991)
Sharti la kwanza imelipita vizuri. La pili, mh! Killing Joke walikuwa na rifu inayofanana nayo mno kwenye "Eighties" ya 1984, na hawakufurahi hata kidogo. Kisha mwaka 2003 Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, akaenda kuwapigia Killing Joke albamu. Kuna madeni yanalipwa kwa jasho.

5. "Smoke on the Water", Deep Purple (1972)
Adhabu ya kila muuza magitaa duniani. Desemba 1971 kasino ya Montreux, Uswisi, iliteketea Frank Zappa akiwa jukwaani, baada ya mtu kwenye hadhira kufyatua bunduki ya fataki. Deep Purple walikuwa wamepanga kurekodi humohumo. Ukumbi ukaenda, wimbo ukabaki. Noti nne tu, lakini Ritchie Blackmore huzipiga nyuzi mbili kwa pamoja, akizidonoa kwa vidole. Wewe unayekwangua uzi mmoja dukani, muuzaji ameshakujua.

4. "Seven Nation Army", White Stripes (2003)
Unayemsifia mpiga besi, pole: bendi haikuwa naye. Ni gitaa la Jack White lililopitishwa kwenye pedali ya kushusha sauti oktavo nzima. Oktoba 2003 mashabiki wa Club Brugge waliuimba Milan, timu yao ikaifunga AC Milan 1-0. Mwaka 2006 Waitalia wakaondoka nao mpaka kwenye ubingwa wa dunia. Noti saba, na hata mlevi aliyekaa jukwaa la nyuma hakosei.

3. "Satisfaction", Rolling Stones (1965)
Keith Richards aliamka usiku, akairekodi kwenye kaseti, akalala tena. Sehemu kubwa ya kaseti hiyo ni mkoromo. Noti zenyewe tatu, na alitaka zije zipigwe na matarumbeta. Kifaa cha Fuzz-Tone kilichoikwaruza sauti ya gitaa kilikuwa cha kushika nafasi tu. Wenzake wakasema iachwe hivyo. Otis Redding akairekodi kwa matarumbeta mwaka huohuo, na ni tamu kwelikweli, ila mkwaruzo ndio uliopata visa ya dunia nzima.

2. "Black Sabbath", Black Sabbath (1970)
Jina la wimbo, la bendi na la albamu ni lilelile. Walikuwa wanabana matumizi. Tony Iommi wa Birmingham alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni wa mashoto, kwa hiyo ndivyo vya kukandamizia nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akafinyanga vifuniko, akavivika ngozi, akarudi kwenye gitaa. Alitumia nyuzi nyembamba, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize, sauti ikazidi kuwa nzito. Rifu hii ina noti tatu zinazotembea kama mdai anayejua uko ndani. Ile ya tatu inaangukia mahali ambapo wanamuziki wa zamani walipaita shetani. Vijana wenye vidole kumi kamili wanaihangaikia mpaka leo.

1. "You Really Got Me", Kinks (1964)
Najua, najua: Link Wray alishatoboa spika zake kwa penseli, na "Rumble" yake ya 1958, isiyo na neno hata moja, ilifungiwa na baadhi ya redio za Marekani. Apewe kiti cha mbele. Lakini Dave Davies, miaka 17, alichukua wembe akaichanja spika ya amplifaya yake ndogo, kisha akapiga chodi mbili zinazosukumana mlangoni. Chodi hizo kila mtu alikuwa nazo. Spika iliyochanjwa vile alikuwa nayo yeye. Kwa miaka mingi watu wameapa kwamba solo ya humo ni ya mpiga gitaa Jimmy Page. Page amekana, kina Davies wamekana, wabishi hawasikii. Wembe, angalau, hakuna aliyesema ni wa Page.