Fomu ya Kunguru

Paliondokea ziwa ambalo si ziwa. Ulikuwa mto tu, Molonglo, hadi mwaka 1963 ulipozibwa kwa bwawa. Mwaka uliofuata maji yakajaa, na mji wa Canberra ukapata kioo cha kujitazama. Mwaka huohuo, 1964, wanyama wa nchi ile nao wakapata Nyumba ya Sauti. (Msiniulize ni nyumba gani. Ipo Canberra taasisi ya kweli ya elimu za Waaborijini na watu wa Visiwa vya Mlango wa Torres, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huo, na jengo lake liko kwenye rasi ya Acton, kando ya maji yaleyale. Mimi nasimulia ndege.)

Mtunzaji wa Nyumba alikuwa Mzee Ndege-Kinubi. Ni ndege wa misitu ya kule, mkia wake umepinda kama kinubi, na kooni mwake hukaa sauti za wenzake: akimsikia kasuku humtoa kasuku, akisikia msumeno hutoa msumeno, hata mlio wa kamera. Basi wanyama walimletea nyimbo, naye akazipanga masandukuni. Kabla ya Wazungu nchi ile ilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nyingine leo zimebaki na wasemaji wa kuhesabika kwa vidole, nyingine hazina hata mmoja, kwa hiyo masanduku yalikuwa mengi kuliko midomo.

Ng'ambo ya ziwa lilikuwako Baraza. Linakaa ndani ya kilima, majani yameota juu ya paa lake, na mlangoni wamesimama Kangaruu na Emu, walewale wa kwenye ngao ya taifa. Waliwekwa kwenye ngao, yasemekana, kwa sababu wote wawili hawajui kurudi kinyumenyume. Kwa ngao ni sifa. Kwa fomu ni balaa, maana fomu ikishatoka hairudi.

Na fomu ilitoka. Aliyeileta ni Kunguru, na suti yake nyeusi ya kazini, kalamu chini ya bawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu usikilize."

"Sikuja kusikiliza, Mzee. Nimekuja kuhesabu."

Fomu ilikuwa na safu nne: waliopita mlangoni, vilivyochapishwa, walioridhika, na wageni waliorudi. Kila safu ilitakiwa ipande kila mwaka, kama bei ya sukari Ramadhani ikikaribia.

Kunguru akaanza na masanduku. Yaliyo wazi yakamfurahisha. Kisha akaiona rafu ya nyuma, masanduku yake yamefungwa kwa kamba, na vumbi limelala juu ya mafundo.

"Haya yamefunguliwa mara ngapi mwaka huu?"

"Hata mara moja," akajibu Mzee, kwa sauti ya mzazi anayetaja mtoto aliyefaulu mtihani. "Hizi ni nyimbo za akina mama peke yao. Zile ni za wanaume waliotoka jandoni. Na hizo za pembeni, mwenye sauti amefariki, watu wake hawajatupa ruhusa."

Kunguru akaandika 0, akaipigia mstari kwa wino mwekundu.

Mzee akajaribu kumweleza. Kwamba zipo siku ambazo kazi yote ya Nyumba ni kutofungua. Kwamba walioleta sauti zile waliziacha kwa kuamini kamba, na fundo lenye vumbi ndiyo stakabadhi yao. Kunguru alisikiliza kwa adabu, akaigeuza fomu huku na huku akitafuta safu ya kamba. Haikuwamo.

Kwa Wombati mambo yalikwenda vizuri zaidi. Wombati ndiye aliyesimamia uchapaji: mnyama mnene, miguu mifupi, mchimba mashimo, na Mungu amempa ajabu moja ambayo wanasayansi wameithibitisha. Kinyesi chake hutoka na pembe, kama dadu, naye hukiacha juu ya mawe na magogo kuwa alama ya eneo lake. Kunguru anapenda sana kitu kinachopangika. Alizunguka ghalani akihesabu vipande, na sina hakika, wala sidhani yeye mwenyewe alikuwa na hakika, ni vingapi kati yake vilikuwa vitabu.

Kilichouzwa kuliko vyote kilikuwa ramani. Kila mnyama aliinunua ili atafute shimo lake. (Ramani ya kweli ya aina hiyo, ya lugha na jamii za wenyeji wa Australia, ilitolewa mwaka 1996 na David Horton, nayo ina onyo kwamba mipaka yake si kamili na haifai kwa madai ya ardhi. Kuitundika ukutani ni rahisi. Kulisoma onyo ni shughuli nyingine.) Kilichouzwa kidogo kuliko vyote kilikuwa kamusi ya Kinyamadege, yule atagaye mayai na kunyonyesha. Zilitoka nakala tatu.

"Tatu!" Kunguru akasema. "Kwani lugha hiyo ina wasemaji wangapi?"

"Wanne," akajibu Wombati.

"Na huyo wa nne?"

"Wawili ni mume na mke."

Kunguru akashauri isichapishwe tena.

Ikafuata safu ya mlango, akaitwa Kakatua, kasuku mweupe mwenye kishungi cha manjano, msemaji wa Nyumba. Huyo alianza kwa kulalamikia onyo. Kabla ya wimbo wowote wasikilizaji huambiwa kwamba ndani mna sauti za marehemu, na wengine huinuka wakaondoka. Akaomba lifupishwe, ikiwezekana liwekwe mwishoni. Mzee hakumjibu, alimtazama tu, na shauri likaishia hapo.

Kakatua akatafuta njia nyingine. Yalikuwa majira ya machipuko, wakati nondo wa Bogong wanapotoka nyanda za chini kwenda milimani, wakalale msimu wa joto kwenye nyufa za miamba yenye ubaridi. Zamani watu wa makabila mbalimbali walikutana huko juu, wakawala nondo walionona na kufanya sherehe zao. Safari ya nondo hupita Canberra, na taa za umeme huwapoteza. Hata Baraza lenye majani juu ya paa limewahi kuvamiwa. Basi Kakatua akawasha taa zote za Nyumba, akaiacha milango wazi.

Waliingia kama moshi. Wimbo hawakusikia hata mmoja. Walizunguka balbu wakijigonga, vioo vikapakaa vumbi la mbawa kama mdalasini uliosagwa, na alfajiri sakafu haikuonekana. Wombati alifagia debe baada ya debe. Kunguru alikesha mlangoni akichora mistari mitano mitano na, tuseme ukweli, akila. Ila hakumla yeyote kabla ya kumhesabu.

Barazani walishangilia. Emu akaagiza mwakani nondo waongezwe. (Mwaka 2021 nondo hao waliingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.)

Juma moja baadaye akaja kijana mmoja, Mla-asali, mweusi mwenye madoa ya manjano. Kabila lake limebaki ndege mia chache. Watafiti wa hapohapo Canberra walichapisha mwaka 2021 kwamba baadhi ya madume wa kabila hilo hawaujui tena wimbo wa kwao. Huimba wa ndege wengine, kwa kuwa walikua bila mzee wa kuwafundisha, na kupata mwenza kwao ni taabu. Huyu alikuwa mmoja wao. Alisimama mlangoni akaimba kujitambulisha, ikatoka sauti ya watu wengine.

"Huo wimbo wa nani, mjukuu wangu?"

"Ndio ninaoujua, babu."

Mzee akamshushia sanduku. Halikuwa na kamba. Mwanzoni mlikuwa na mkwaruzo, kisha kikohozi cha mtu aliyekuwa akirekodi, kisha wimbo. Siku ya kwanza kijana alisikiliza tu. Ya pili alijaribu, akakwama pale sauti inapopanda mara ya tatu. Mzee hakumsahihisha. Aliitoa sauti ile kooni mwake polepole, mara moja, akajifanya anapanga karatasi. Hivyo hivyo, siku tisa.

Siku ya tisa Kakatua akamletea kijana karatasi ya kuridhika, yenye nyuso tatu: wa kucheka, wa kununa, na wa katikati. Kijana alikuwa analia. Kakatua akangoja, akaona hakuna uso wa hivyo, akamtilia alama kwenye uso wa kununa.

Siku ya kufunga hesabu Kunguru aliruka kuelekea ng'ambo. Kwenye mkaratusi mmoja kando ya ziwa akasikia wimbo ambao hakuwahi kuusikia nje ya sanduku. Ulipanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha jike likaitikia kutoka tawi la juu. Kunguru akatua, akakaa kitambo, kalamu imelala. Halafu akakumbuka safu ya nne, akafungua daftari la wageni akalitafuta jina la kijana. Tangu aondoke hajaonekana Nyumbani tena. Akaandika 0.

Barua ya Baraza ilifika baada ya siku chache: Nyumba itoe maelezo kwa maandishi kwa nini mgeni huyo hakurudi. Mzee aliisoma mara mbili, akaitia sandukuni, akatafuta kamba.