Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Jimu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Na kabla hujaitikia, naomba uniwie radhi kwa kukuamkia hadharani, maana najua salamu kwa mtu wa hadhi yako huombewa miadi kwanza. Ningekuja ofisini mwenyewe, lakini mara tatu nilizokuja niliambiwa umekwenda kuwa mgeni rasmi. Nami ni nani hata nizuie harusi, mahafali na uzinduzi wa kisima kwa ajili ya mgongo wangu?

Niseme mapema kwamba hii ni barua ya shukrani. Malalamiko yakijitokeza humu, yahesabu kama jasho. Huwezi kufanya mazoezi halafu usilitoe.

Kabla yako, sisi wa Tabora tulifanya mazoezi ya kubahatisha. Waliosoma Tabora Boys walibaki wakisimulia mchakamchaka wa ujana wao. Wengine tulikimbia pale tu mvua ilipotukuta sokoni. Wewe ukalitazama ghala la zamani la tumbaku, sisi tukiona popo, wewe ukaona mbali. Ukaweka vioo ukuta mzima, ukaleta vyuma, mikeka, na spika mbili ambazo nakiri zina afya kuliko mwanachama yeyote. Hadi leo masika yakianza kuta zile hutoa harufu ya jani lililokaushwa, nasi watu thelathini tunaivuta ndani kwa hesabu ya kocha: moja, mbili, shikilia hapo hapo. Mimi niliacha sigara miaka mingi iliyopita. Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa najiona nimeirudia, na bila kununua hata moja. Ahsante.

Matunda yapo. Wa kuulizwa ni fundi wangu wa cherehani pale Kanyenye, ambaye hajawahi kukanyaga kwako lakini anatujua viuno. Anasema nguo anazoletewa na wanachama wako ziko mafungu mawili, za kupunguza na za kuongeza. Za kupunguza ni za akina mama wa zamu ya asubuhi. Za kuongeza ni zetu akina baba, ambao tukimaliza kukata tumbo tunapitia kwa muuza chipsi mayai aliye mlangoni pako, anayekulipa wewe kodi ya kibaraza. Simlaumu mtu. Nastaajabia tu jinsi biashara zako zinavyosaidiana.

Kuna mama mmoja wa Ng'ambo aliyeingia akiwa hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono. Juzi aliruka kamba mara sitini mfululizo, akakaa chini, akalia, tukampigia makofi mpaka muziki ukazimwa. Nesi wa kliniki yake ya sukari alimwuliza kwa siri anatumia dawa gani ya kienyeji. Kuna kijana wa bodaboda anayeapa kwamba kiuno kimemwachia tangu aanze kuchuchumaa na kuinuka kama alivyofundishwa. Hao wakisoma barua hii watanuna, na watakuwa na haki yao.

Wengine, kwa ruhusa yako, wana maneno kidogo. Akina mama wa zamu ya jioni wanaomba pazia kwenye dirisha linalotazamana na kijiwe cha vijana, kwa sababu wamechoka kuhesabiwa skwati na watu wasiolipa ada. Hilo ni la kitambaa tu, mita tatu. Ada yenyewe tunailipa tarehe 1 bila kuchelewa, na siku kocha asipotokea tunaambiwa ni mapumziko ya misuli. Mwezi uliopita misuli yetu ilipumzika siku tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kuna wiki moja mimi nilipata 80, na 40 kati ya hizo nilikuwa nje ya geti nikirukaruka kwa baridi ya Julai. Mwenzetu aliyeuliza kwenye kundi la WhatsApp kama siku hizo zitafidiwa aliondolewa kabla tiki hazijawa bluu. Tunamkumbuka kwa mema.

Lakini yote hayo ningeyameza. Lililonifanya ninunue karatasi ni mbio za Jumapili.

Wazo la kukimbia hadi Kwihara ni lako, na ni zuri kupita kiasi. Mtu unatoka mjini kungali giza, unapita kwenye miembe, unaishia kwenye lile tembe la udongo lenye mlango wa nakshi ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, miezi kadhaa, akisubiri wapagazi. Kocha wako hutuongoza akiwa amepakiwa kwenye pikipiki. Amevaa traki suti nyekundu, kipaza sauti mkononi, anatuhimiza tukaze miguu, naye amekaa. Sisi tulio mbele tunapata hamasa na moshi kwa wakati mmoja.

Sasa Mheshimiwa, nchi hii ya Unyamwezi inawajua viongozi wa misafara. Burton, yule msafiri Mwingereza aliyefika hapa Kaze, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani, alimweleza vizuri kirangozi: amejitanda nguo nyekundu, ngozi ya mbega kichwani, na yeyote aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Kwa hiyo wekundu wa kocha una asili yake, na hata faini nisingeibishia. Ila kirangozi alichaguliwa na wapagazi wenzake. Alikwenda kwa miguu. Naye alikuwa na mzigo, japo mwepesi kuliko zile frasila mbili, kilo thelathini na kitu, alizobeba mwenzake wa nyuma. Jiwe lililomchoma mpagazi lilikuwa limeshamchoma yeye kwanza. Na mwendo ulipowazidi watu, mizigo iliwekwa chini, na mwenye msafara, awe Mwarabu awe Mzungu, alilazimika kukaa kitako wazungumze. Hakukuwa na kitufe cha kumwondoa mtu kwenye kundi.

Jumapili moja mwezi uliopita, mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli mwenye miaka sitini na minane, alimwambia kocha kabla hatujaondoka kwamba goti limevimba. Kocha alimjibu kwa kipaza sauti, ili sote tunufaike, kwamba maumivu yako akilini. Mzee akafunga kamba za raba, akaja. Tulipokwisha kuziacha nyumba nyuma, nilimsikia akihema upande wangu wa kushoto. Baadaye kidogo sikumsikia. Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe.

Kwihara tulipiga picha chini ya mwembe kwa ajili ya ukurasa wa jimu. Kocha akatupitisha macho, akasema wote tupo. Wakati wa kurudi tukampita mzee njiani. Alikuwa juu ya baiskeli ya muuza mkaa, katikati ya magunia mawili, miguu ikining'inia, raba kaziweka mapajani, na mwenye baiskeli akimsukuma taratibu huku wakiongea habari za mvua. Mzee akatupungia mkono. Nasi tukampungia, mimi nikiwa wa kwanza, kama watu wanaopishana na abiria wa treni.

Mwaka 1873 watumishi wa Livingstone, akina Susi na Chuma, walipita Unyanyembe hii hii wakiwa wamembeba bwana wao, maiti, kutoka kijiji cha Chitambo huko Zambia ya leo, wakielekea Bagamoyo. Walishauriwa wamzike hapa hapa, wakakataa. Sisi mtu wetu alikuwa mzima, na safari yetu ilikuwa ya asubuhi moja.

Nakusihi usimfukuze kocha. Ni kijana mwenye kipaji, anajua kumwinua mtu aliyekata tamaa, na yule mama wa Ng'ambo ni kazi ya mikono yake. Nasikia tu, na huenda nimesikia vibaya, kwamba posho yake ya Jumapili huhesabiwa kwa idadi ya vichwa vinavyoonekana kwenye picha, wala hakuna anayemwuliza vichwa vilivyobaki njiani. Ningekuwa mimi nalipwa hivyo, pengine goti la mzee ningelipeleka akilini vilevile.

Ombi langu ni dogo hata naona haya kuliandika: pikipiki ikae nyuma. Kocha akimbie mbele yetu kwa miguu yake, kwa mwendo ambao hata yeye utamchosha, na pikipiki ije mkiani polepole, ikiwa na maji na nafasi ya mtu mmoja. Katika misafara ya zamani mkiani ndiko alikokaa mwenye mali mwenyewe, asije mpagazi akatoroka na pembe. Sisi hatuna pa kutorokea, ada umeshaichukua. Hata hivyo, Jumapili ambayo hakuna harusi, kiti hicho cha nyuma kingekupendeza sana Mheshimiwa, mpaka pale atakapohitajika kupanda mtu mwingine.

Naomba tena radhi kwa kukuchosha. Nabaki kuwa wako mtiifu, mwenye mgongo,

Mwanachama namba 47
(ada imelipwa)

Tanbihi: Mzee amerudi zamu ya asubuhi, anakalia mkeka ulio karibu na mlango. Amenituma nikufikishie deni la shilingi elfu mbili alizomlipa mwenye baiskeli. Stakabadhi nimeiambatisha. Kwa kuwa mpokeaji hakuwa na kalamu, ameweka dole gumba. Ule weusi unaouona ni masizi ya mkaa, tafadhali usiufute.