Ukumbi Tayari, Bibi Harusi Bado

Wenzetu wa jiji la Quebec, Kanada, wana moyo. Timu yao ya hoki ya barafu, Nordiques, iliwaaga mwaka 1995 ikahamia Denver. Mwaka uliofuata, kwa jina jipya la Colorado Avalanche, ikabeba Kombe la Stanley. Mtalaka kanawiri kwa jirani!

Basi wakajenga ukumbi wa watu zaidi ya 18,000, ukafunguliwa 2015, wakaomba timu mpya. Ligi ya hoki ya NHL ikatazama huku na huku, ikaona barafu inafaa zaidi jangwani: mwaka 2016 ikawapa Las Vegas, kwa ada ya dola milioni 500. Kisha Seattle. Quebec, ambako theluji hushuka bure, wakaambiwa wavute subira.

Nao wanaivuta kwelikweli. Kigogo wa ligi akipiga chafya, shabiki atakwambia hiyo ni dalili; akinyamaza, ndiyo dalili kubwa zaidi. Jezi za buluu zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinarudi kabatini. Ukumbini wanacheza vijana wa timu ya hoki ya Remparts.

Las Vegas, kwa taarifa yenu, walishabeba kombe mwaka 2023.