Marumaru ya Kukunja

Kapeti langu la plastiki liliingia Mtunda kama msiba. Nililinunua Kibiti mjini, upana mita mbili, urefu mita nne, likaviringishwa na kufungwa nailoni nyeupe kwa kamba sehemu tatu. Dereva wa bodaboda akalilaza nyuma, nami nikalikumbatia lisianguke, uso umekunjamana kwa vumbi. Tulipopita kwenye baraza la bao, wazee wakanyamaza. Mmoja akasema, "Innalillahi," kisha akauliza ni nani. Nilipojibu kwamba ni kapeti, walirudi kwenye bao kwa sura za watu waliokosa ubwabwa wa hitima.

Lilikuwa na picha ya marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Mke wangu alilitandaza juu ya saruji, akarudi nyuma hatua tatu, na papo hapo nyumba ikapata katiba mpya. Viatu mwisho barazani. Embe mwisho barazani. Mwiko wa ugali usivuke mlango. Hata mimi mwisho wangu ukawa barazani mpaka nioshe miguu kwenye ndoo, na kwa mchanga wetu wa huku, ukimaliza kuosha mguu wa pili, wa kwanza umeshachafuka.

Siku mke wangu alipokwenda kuuguza Ikwiriri, akaniachia kapeti. Si watoto, maana watoto alikwenda nao. Kapeti.

Nikapiga deki kama nilivyolelewa: ndoo mwaaa, sabuni ya unga viganja viwili, halafu fagio la chelewa kwa nguvu. Saruji inapenda hivyo. Sikujua kwamba plastiki inataka kwanza ufagie mchanga wote kwa fagio laini, ndipo uguse maji. Mimi niliuloweka mchanga nikausugua humo humo, kwa hiyo niliipiga marumaru msasa kwa mikono yangu mwenyewe. Iliyong'aa ikafifia kama kioo cha basi la Kilwa. Maji yaliyobaki yakapenya pembeni, yakaenda kulala chini.

Chini kule yalikuta wenzake. Aliyetujengea sakafu hakuweka nailoni kabla ya kumwaga zege, na mwezi wa masika ardhi ya bonde la Rufiji haihitaji kuombwa unyevu. Saruji tupu hupumua. Ukiifunika plastiki, unyevu unakosa pa kutokea. Siku ya nne sebule ikaanza kunuka kama kikapu cha dagaa kilichosahaulika. Nikainua kona. Ukungu mweusi ulikuwa umechora ramani ya delta nzima, mito na mikono yake, na tandu mmoja alikuwa pale ilipo Salale, ametulia, amehamia na familia.

Nikalitoa nje kulianika. Juani kapeti la plastiki hulainika likafuata umbo la pale lilipolala, na mimi nililitundika juu ya ua wa fito. Lilipoingia ndani lilikuwa na matuta manne. Hapo ndipo nikapata wazo la kabati: nilikalishe juu ya tuta moja, makochi juu ya mengine. Ili miguu ya kabati isitoboe, nikakata vipande vya tairi kuukuu nikavitanguliza chini. Nilijipongeza sana kwa vile vipande vya tairi.

Wiki ya pili nikasogeza kabati nifagie. Chini ya kila kipande cha tairi palikuwa na doa la manjano, la duara, mfano wa yai la kukaanga. Mpira na plastiki hii havikai chumba kimoja: dawa zilizomo ndani ya mpira huhamia kwenye plastiki, na zikishaingia hazitoki kwa sabuni, maana doa haliko juu, liko ndani. Nilisugua kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Doa likabaki, kilichopauka ni marumaru iliyolizunguka. (Kipande cha blanketi kuukuu kingetosha. Nimekuja kuambiwa baadaye, na aliyeniambia alikuwa na miaka kumi na miwili.)

Zikabaki siku mbili mke wangu arudi, naye alikuwa anarudi na mama yake. Mtu akikaribia kuumbuka humkumbuka mamaye. Marehemu mama alikuwa aking'arisha sakafu yetu nyekundu kwa mishumaa iliyoyeyushwa ikachanganywa na mafuta ya taa, halafu anasugua kwa kumbi la nazi mpaka unajiona meno. Nikayeyusha mishumaa sita.

Saruji ina vitundu, hunywa ile nta. Plastiki hainywi kitu. Nta ilikaa juu, jua la saa saba likaingia dirishani, sebule nzima ikawa ulimbo wa kunasia ndege. Nimesoma kwamba mwaka 1926, huko Marekani, mkemia Waldo Semon alikuwa akitafuta gundi ya kushikiza mpira kwenye chuma, akaishughulikia plastiki ile ngumu inayotengenezewa mabomba. Gundi akaikosa, akapata kitu laini kinachokunjika, na ndicho tunachotandika leo. Laiti angefika Mtunda siku ile, gundi yake angeikuta.

Mama mkwe aliingia bila viatu, kwa heshima ya katiba. Hatua ya kwanza ikalia *pwa*. Ya pili *pwa*. Akasimama, akanitazama, nami nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba mwanangu," akaomba mswala aswali adhuhuri. Aliswali kwa utulivu wote. Alipomaliza akauinua mswala, na kapeti likainuka nao, na tandu akapita katikati ya sebule kwenda zake barazani.

Mke wangu hakusema kitu. Alichukua maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo tu, na tambara laini lililokamuliwa mpaka likakauka mkononi, akafuta kipande kwa kipande kwa siku tatu, akisuuza na kukausha. Nta ilitoka. Mayai manne ya kukaanga yapo mpaka leo.

Mama mkwe alipoondoka alituachia mkeka aliousuka mwenyewe kwa ukindu, mpana, wenye milia ya zambarau. Alisema ni wa kulilinda kapeti. Tukautandika, ukafunika madoa, matuta na marumaru yote, na sasa mgeni akiingia husifu mkeka. Kwa nia njema kabisa nilimuuliza mke wangu, je, mkeka nao unasafishwaje?

Akaniambia nikacheze bao.